Samaki Wanaokimbia Mkono: Maisha ya Yaya Émilienne Kabedi Mukalay

Ba papa na ba mama, mchungaji, wakubwa wa kazi, majirani wa Shituru, na ninyi wa Kilonde mliotembea siku nzima ili mfike hapa, familia ya Mukalay na familia ya Kyungu zinawasalimu kwa uchungu, na kwa sauti ya Lambert, mdogo wa marehemu anayemfuata, aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, zinawaomba mnyamaze kidogo, hata wale walio chini ya hema la nyuma, kwa sababu huyu tunayemzika leo hakupenda kusema jambo moja mara mbili, na maisha yake yote alilazimishwa kulisema mara kumi.

Émilienne Kabedi Mukalay alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971, katika kijiji cha Kilonde, kando ya kijito chenye jina hilohilo, safari ya siku nzima kwa miguu kutoka Likasi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa mzee Mukalay Numbi, mkulima na mvuvi, na wa mama Colette Mwape, ambao wote wawili wametutangulia. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alichelewa kusema, akawatia watu wasiwasi, lakini alipofungua kinywa alianza kwa kuuliza swali, na tangu siku hiyo hakuna aliyepumzika tena katika nyumba ile.

Hapa inatubidi tumtaje samaki mmoja mapema, kwa maana bila yeye historia hii haina kichwa wala miguu. Katika kijito cha Kilonde anaishi samaki mdogo, urefu wake haupiti kidole cha kati, mwenye mstari mwekundu ubavuni, ambaye wazee wanamwita kalusonga, na desturi ya Kilonde, ambayo wengi wenu wa mjini hamuijui, ni kwamba kalusonga ndiye mboga ya matanga, anapikwa mzima kwa chumvi na nyanya, analiwa na bukari, ugali wetu, kwa sababu hana miiba ya kumkwama mtu kooni, na mwenye kulia hawezi kuchambua miiba. Émilienne alimla kwa mara ya kwanza kwenye matanga ya bibi yetu, akiwa na miaka sita, na badala ya kulia pamoja na wenzake alimwuliza baba kwa nini kalusonga yuko Kilonde tu na hayuko katika mito mingine, baba akamjibu kwamba Mungu ndiye aliyependa hivyo, na jibu hilo halikumtosha mpaka anakufa.

Alisoma shule ya msingi kijijini tangu mwaka 1977 mpaka 1983, kisha akapelekwa Mulungwishi kwa masomo ya sekondari, ambako alichagua biolojia na kemia, na kila likizo alirudi Kilonde na mikebe mitupu ya nyanya, ikarudi shuleni imejaa vyura, konokono na mayai ya samaki, hata wenzake wa bweni walikataa kulala kitanda kilicho jirani na chake. Alipata diploma ya serikali mwaka 1989, akaingia chuo kikuu Lubumbashi mwaka 1990, katika ile miaka ambayo chuo kilikuwa kinafungwa na kufunguliwa kama duka la mtu asiye na bidhaa, ndiyo maana masomo ya miaka mitano yalimchukua miaka saba, naye alitoka na shahada yake ya biolojia mwezi wa saba mwaka 1997, akiwa amekonda, lakini swali lake halijabadilika.

Kazi aliianzia hapa Likasi mwaka huohuo wa 1997, akiwa mwalimu wa biolojia wa sekondari, na wapo hapa leo watu wazima wenye vitambi ambao wangali wanamwogopa, kisha mwaka 2006 akaitwa kufundisha kwenye taasisi ya juu, akapanda kutoka msaidizi mpaka kuwa mkuu wa kazi za utafiti, katika maabara yenye darubini moja, na friji ambayo umeme ukikatika iligeuka kuwa kabati. Tunasema hivyo bila kumlaumu mtu, kwa sababu yeye mwenyewe alilaumu vya kutosha.

Tarehe 25 Julai 1998 alifunga ndoa na Papa Cyrille Kyungu, fundi wa injini za reli, ambaye mnamwona ameketi hapa mbele, na wakaingia katika nyumba hii ya Shituru, ambayo wameishi ndani yake tangu siku ile bila kuhama. Papa Cyrille alikuwa anafikiri ameoa mwalimu, akakuta ameoa na mto, kwa maana Jumamosi wengine walipokwenda arusini yeye alikuwa anashika kamba huku mke wake amezama maji mpaka kiunoni, lakini hakunung'unika, au tuseme alinung'unika kidogo, nyumbani, mlango ukiwa umefungwa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Divin aliyezaliwa mwaka 1999, ambaye anafanya biashara ya madini Kamatanda, jambo ambalo mama yake hakulisamehe wala hakuacha kula chakula kilichonunuliwa kwa faida yake, na Jaël aliyezaliwa mwaka 2002, mwalimu wa shule ya msingi.

Sasa tufike kwenye Kafubulo, kwa sababu hakuna mtu hapa asiyeujua mto huo, na hakuna jambo lililomchosha yaya yetu kama mto huo. Mlio na umri mnakumbuka ulivyokuwa mwekundu, na tope lake lililokausha mihogo, mpaka mwaka 2016 ilipokuja kampuni, ambayo familia imeamua kutolitaja jina lake mbele ya jeneza, ikasema itauponya mto, ikaunda kamati, na Papa Clovis, ambaye tunamshukuru kwamba amefika leo, akawekwa kuwa mwenyekiti, na Émilienne akaitwa awe mtaalamu wa samaki. Alifurahi siku ile, tuseme ukweli, alirudi nyumbani anaimba, akamwambia mumewe kwamba kalusonga sasa atapata nyumba ya pili, maana samaki mwenye nyumba moja tu duniani, nyumba hiyo ikiungua amekwisha.

Kazi ilifanyika, hatuwezi kusema haikufanyika, walichimba tope jekundu kwa urefu wa kilometa mbili, wakalitoa kwa malori, wakapanda matete na miti kandokando, maji yakaanza kuwa maangavu, na kilichobaki kilikuwa kutandika mawe madogo chini ya mto, kwa sababu kalusonga hutaga mayai yake katikati ya changarawe. Émilienne aliandika kwamba changarawe itolewe upande wa Kilonde, akaonyesha mpaka mahali pa kuichota, akasafiri wiki moja kwenda kwenye ubatizo wa mtoto wa ndugu, na aliporudi akakuta changarawe imekwisha kutandikwa, nzuri, safi, ya rangi ya kijani, imetolewa kwenye rundo la mabaki ya mgodi wa zamani, kwa sababu rundo lilikuwa karibu na lori halikutumia mafuta mengi.

Ba papa na ba mama, mtoto wa Likasi, hata yule ambaye bado hajajua kuvaa viatu, anajua jiwe la kijani ni nini, jiwe la kijani ni shaba, watoto wetu wanaliokota na kuliuza, na mtu mzima mwenye kamati na kofia ya usalama kichwani alilitandika chini ya maji, akaliita kitanda cha samaki. Yaya alikwenda kwa Papa Clovis na jiwe mkononi, na jibu alilopewa tumelisikia nyumbani mara nyingi, kwa maana alikuwa akiliiga akiwa anaosha vyombo: «Mama Émilienne, haya majiwe ni mazuri, mai inang'aa, bageni banapenda, sasa weye unataka nini tena?» Alichokitaka ni changarawe ile itolewe, hilo tu, jambo moja, na kuanzia siku ile mpaka siku ya kufa kwake hakuomba kitu kingine kwa mtu yeyote.

Aliomba angalau samaki wasiletwe mpaka maji na mawe yapimwe, lakini dawa za kupimia zilikuwa zimekwama mpakani, karatasi moja ilikosa muhuri, na ulipopatikana muhuri dawa zilikuwa zimeharibika kwa joto, na tarehe ya sherehe ilikuwa imekwisha kuchapishwa kwenye pagne, vitenge vya sherehe. Kamati ikaenda yenyewe Kilonde na nyavu, ikamwambia mjomba wetu, chifu wa pale, kwamba imetumwa na mpwa wake, mjomba akafurahi, akawapa vijana wa kuwasaidia kuvua, na tarehe 22 Machi 2019, mbele ya wakubwa, tarumbeta na kwaya mbili, kalusonga mia kadhaa walimwagwa katika Kafubulo, ikasimamishwa bango kubwa la bati linalosema MTO UMEPONA. Émilienne alikuwa amekaa mstari wa pili, amevaa pagne ya sherehe kama wengine, na Papa Cyrille anasema alimshika mkono wakati wote, naye akambana vidole, akafikiri ni furaha.

Samaki hawakufa, na hapo ndipo taabu ilipoanza, maana wangalikufa siku ile ile watu wangaliamini. Baada ya wiki chache watoto waliokuwa wanaoga waliona jambo jipya, kwamba ukitia mkono majini kalusonga hawakimbii, wanabaki, wanapita katikati ya vidole, unaweza kumbeba mmoja na kumrudisha asishtuke, na habari zikaenea mpaka Kamatanda, watu wakaja kwa pikipiki, kanisa moja likahamishia ubatizo wake pale, na mhubiri akafundisha kutoka juu ya jiwe kwamba ni kama bustani ya Edeni kabla ya dhambi, wanyama hawamwogopi mwanadamu. «Samaki inakuya yenyewe mu mukono,» watu walikuwa wanasema, «Mungu ametujibu!»

Yaya yetu, ambaye hakukosa ibada hata Jumapili moja, alisimama pale ukingoni akawaambia kwa lugha inayoeleweka: «Samaki ya muzima inakimbia mukono. Ile yenye kukuya, iko mugonjwa.» Aliwaeleza, kama alivyotueleza sisi mezani mpaka chakula kikapoa, kwamba samaki anaishi kwa pua, kwa harufu anamjua adui, kwa harufu anamjua mwenzake, kwa harufu anapata mahali pa kutagia, na kwamba shaba ikiyeyuka majini, hata kidogo kiasi cha kutoonekana, inaunguza pua ile, samaki anabaki anaogelea, anakula, ananenepa, lakini hajui tena kuogopa, na mayai yake yakikaa juu ya mawe ya kijani yanageuka meupe na kuoza. Na maji kuwa maangavu hivyo si dalili ya uzima, aliwaambia, ni kwamba hata vijidudu vinavyoyatia ukungu vimekufa. Walimsikiliza kwa heshima, kisha mama mmoja akamwomba asogee kidogo, kwa sababu alikuwa anaziba picha.

Akaamua kuwaonyesha, akifikiri kwamba mtu akiona kwa macho yake hawezi kubisha, na tarehe 16 Oktoba 2020, katika ukumbi wa kamati, akaweka beseni mbili mezani, moja yenye kalusonga wa Kilonde, nyingine yenye kalusonga wa Kafubulo, akajipaka mkononi ute wa kambale, ambaye ni adui wao mkubwa, akatia mkono katika beseni ya kwanza, na samaki wa Kilonde wakatawanyika kama wametupiwa moto, wawili wakaruka nje mpaka kwenye karatasi za mwenyekiti, kisha akatia mkono uleule katika beseni ya pili, na samaki wa Kafubulo wakaja wenyewe, wakamgusagusa vidole. Aliinua kichwa akingojea waelewe, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Papa Clovis alisimama akasema, na tunamwomba asichukie tukikumbusha, kwa kuwa yeye mwenyewe alilisema kwa furaha: «Munaona? Ile ya Kilonde haina éducation, ya kwetu iko na adabu!»

Siku ile alirudi kwa miguu, hakutaka gari la kamati, akapita mlangoni bila kusalimu, akakaa kwenye kiti cha jikoni na harufu ya kambale mkononi, Papa Cyrille akamwuliza: «Umebaambia tena?», akajibu: «Nimebaambia,» mume akauliza: «Na bamesikia?», naye akasema: «Bamepiga makofi.» Kisha akacheka, lakini kilikuwa kicheko cha mtu aliyechoka kabisa, na Jaël aliyekuwa anapika aliacha mwiko akaja kumkumbatia.

Hakuacha, aliendelea miaka miwili, msimu wa mvua na wa jua, kupima, kuhesabu mayai yaliyooza, kuandika barua kwa kila ofisi inayojibu na isiyojibu, na aliyaweka yote katika tasnifu ya udaktari ambayo aliikabidhi mwaka 2022, chuo kikuu ambacho nacho tunakiacha bila jina kikapanga siku ya kuitetea, ikaahirishwa kwa sababu ya mgomo, ikapangwa tena, ikaahirishwa kwa sababu profesa mmoja amesafiri, ikapangwa mara ya tatu, na mwingine akataka nakala mpya zenye jalada la rangi nyingine. Amekufa bila kuitetea, na leo asubuhi tumepokea kutoka chuo hichohicho shada la maua lenye utepe ulioandikwa Docteur, tunashukuru kwa maua, na utepe tumeukunja tukamwekea Jaël, ili aamue mwenyewe la kuufanyia.

Mpaka mwisho wa mwaka 2022 kalusonga wa Kafubulo walikuwa wamekwisha, wote, kwa maana ndege hawana kamati, mnandi na mdiria waliona samaki wasiokimbia wakawala mmoja mmoja, na hakuna mtoto wao hata mmoja aliyekuwa ameanguliwa. Mtu angetegemea kwamba siku hiyo wangekuja kumwambia mama, kumbe ulisema kweli, lakini kilichokuja ni maneno ya pembeni, kwenye bomba la maji na sokoni, kwamba mwanamke huyu aliwaonea wivu samaki wa baraka akawaloga, na kuna waliokuwa wanavuka barabara wasikutane naye. Aliumia, ba papa na ba mama, alijifanya hasikii, lakini aliumia sana, na familia inalisema leo kwa kuwa kesho kila mtu atakuwa amelisahau.

Na kama ng'ombe aliyeanguka asivyokosa visu, katika msimu wa jua wa mwaka 2023 wachimbaji walifika Kilonde kwenyewe, wakaanza kuosha madini juu ya kijito, maji yakawa uji, na Émilienne akaenda na mumewe na binti yake, wakavua kalusonga waliobaki, wakawaleta kwa pikipiki ndani ya madumu, polepole, wakisimama kila mara ili kuyatingisha maji samaki wapate hewa, mpaka katika ua huu mliokaa sasa. Divin alinunua mapipa mawili ya bluu, ambayo yaliwahi kubeba asidi, mama yake akamgombeza, kisha akayaosha siku nyingi, akayajaribu kwa samaki mmoja, akaridhika, akatandika chini changarawe ya Kilonde, ya kweli, nyeusi, aliyoibeba mgongoni. Asubuhi ya tarehe 11 Februari 2024 aliona ndani ya pipa la kwanza vitu vidogo kama vipande vya uzi vikiogelea, akatoka akicheza katika ua huu, amevaa mabuti ya kazi ya Papa Cyrille, yeye ambaye hata kwenye arusi yake mwenyewe ilibidi asukumwe acheze.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Novemba 2024, kwa miguu kuvimba, akasema ni kusimama majini, kisha uso, kisha pumzi, akapokelewa hospitalini hapa Likasi, akahamishiwa Lubumbashi, wakatwambia ni figo. Mtaani wengine wanasema mto ndio uliomuua, wengine wanasema kampuni, wengine wanasema mambo ambayo hatutayarudia, na familia inasema hivi: tuliwauliza waganga wa hospitali, wakatujibu kwamba hawawezi kujua, na mtu aliyetumia maisha yake kudai ushahidi, hatutamzika na neno lisilo na ushahidi. Tunajua tu kwamba alikunywa maji tunayokunywa sote.

Akiwa kitandani, mwezi wa Mei, Divin alimletea habari kwamba vijana wa Kamatanda wamevamia Kafubulo na magunia, wanaichimbua changarawe ya kijani wakaiuze, yaani wanafanya bure kazi ile aliyoiomba miaka sita, na kwamba kampuni imeweka walinzi wenye mbwa kuwazuia, wanalinda sumu usiku na mchana ili isiibiwe. Yaya alicheka mpaka muuguzi akaja kumpima, akamwambia mwanawe: «Bambie babebe yote, mpaka ya mwisho!», na hiyo ndiyo baraka pekee aliyowahi kuitoa kwa biashara ya Kamatanda. Lakini walinzi walishinda, na changarawe iko pale mpaka leo.

Tarehe 9 Juni 2025, siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, alifungua macho, hakuuliza saa wala hakuomba maji ya kunywa, alimwuliza binti yake: «Jaël, mai ya mapipa mulibadilisha?», Jaël akajibu ndiyo, mama, tulibadilisha, naye akafumba macho, na hakuyafungua tena. Ameacha mume, watoto wawili, ndugu watano, wanafunzi wasiohesabika, na mapipa mawili.

Tulikuwa tunasema mawili, na hapa inabidi familia iseme jambo gumu, tukiomba msikilize bila kumnyooshea mtu kidole. Juzi Jumatano, mama zetu wa Kilonde, wakiongozwa na mama mdogo Clémentine, waliingia katika ua huu wakiwa na vumbi na machozi, wakakuta pipa la kwanza, wakachungulia, wakaona kalusonga, ambao hawajawaona kwenye matanga yoyote ya Kilonde tangu kijito kichafuke, wakamzika mzee baada ya mzee kwa dagaa wa kununua na aibu moyoni. «Kabedi alituwekea mboga ya matanga yake mwenyewe,» mama Clémentine alisema, «mwana wangu aliona mbali,» wakawavua wote kwa kapu, wakawapika kwa chumvi na nyanya, kama inavyotakiwa, na mchana tuliandaliwa bukari, nasi tukala, wengi wenu pia mlikula, mkasifu. Papa Cyrille alitia tonge la kwanza mdomoni, akaacha kutafuna, akaangalia kule kwenye pipa, akaelewa, na akameza, kwa sababu aliyempikia alikuwa anamwangalia akilia.

Tulikasirika, msidanganywe, kuna aliyetoka nje akapiga ukuta teke, kwa maana miaka yote alihangaika na kamati, na mpaka, na muhuri, na mhubiri, na ndege, halafu nusu ya kazi yake ikaishia chunguni mwa watu wanaompenda. Lakini mama Clémentine, hatukulaumu, kati ya wote waliomgusa samaki yule katika habari hii wewe ndiwe pekee uliyefanya kwa heshima, na kama Émilienne angekuwepo angekugombeza mpaka jua lizame, kisha angekuomba umwonyeshe ulivyompika.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa Likasi na wa Lubumbashi, waliomvumilia mgonjwa aliyekuwa anasahihisha vipimo vyao, inawashukuru wenzake wa kazi waliochanga usafiri, majirani wa Shituru walioleta viti, makaa na maji, hata wale waliokuwa wanavuka barabara na leo wamevuka kurudi, inamshukuru mchungaji, kwaya, na Papa Clovis na kamati yake, ambao wametuletea jeneza zuri, nasi tunawaomba kwa jina lake jambo lilelile moja, itoeni changarawe.

La mwisho ni la kazi, tafadhali lishikeni. Tukitoka makaburini, kila mtu atanawa mikono kabla ya kuingia uani, kama inavyopasa, na maji ya kunawa yapo katika beseni nyekundu mbili pale mlangoni, tunarudia, beseni nyekundu. Pipa la bluu lililobaki, lile lililofunikwa bati karibu na ukuta wa jikoni, asinawe mtu ndani yake, asichote mtu, asipike mtu, ndimo walimo kalusonga wa mwisho tunaowajua sisi, wakubwa na watoto wao, mpaka Kilonde itakapokuwa na maji tena, na mjomba chifu, aliyesimama kule nyuma, ameapa mbele ya jeneza hili kwamba safari hii hatamwazima mtu nyavu. Leo alfajiri, kabla hamjafika, Jaël alifunua bati akatia mkono majini, akauacha humo akingoja, na hakuna hata mmoja aliyeusogelea, wote walikimbilia chini ya mawe.

Yaya Émilienne, wanakimbia. Pumzika kwa amani.